Jabali la Makombe

Miaka ya hamsini nikifanya kazi kwenye jumba la makumbusho la mjini, na nikikaa Jang'ombe na mke wangu, mtu wa Makunduchi. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hivyo aliyenioza ni kaka yake mkubwa. Shemeji yangu huyo alikuwa mchoma chokaa. Akivunja mawe ya pwani kwa mtaimbo, akiyapanga juu ya kuni, akiyachoma, na nyumba nyingi za mjini zilipakwa chokaa yake.

Mwaka mmoja alikuja mtaalamu wa mawe kutoka Uingereza, nikapewa kazi ya kumtembeza na kumfasiria. Huko kwa wakwe zangu, kwenye jabali lililo kando ya ufukwe, tulikuta makombe makubwa ya baharini, matumbawe na meno ya papa, vyote vimegeuka mawe, vimelala tabaka juu ya tabaka. Yule bwana alipiga magoti akavipapasa. Alinambia kwamba zamani sana bahari ilikuwa juu ya vichwa vyetu pale tuliposimama, na kwamba jabali lile likivunjwa halitapatikana jengine. Nami furaha ikanipata kama yeye.

Ndilo jabali ambalo shemeji alikuwa akilivunja, kwa sababu lilikuwa laini na karibu na tanuri lake.

Mtaalamu aliniomba niseme na wenyewe. Nilisema baada ya chakula, nyumbani kwa shemeji, kwa adabu zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: mawe atayapata wapi? Nikamwambia nyuma ya kijiji, chini ya udongo, yako yanayofaa chokaa vile vile. Hivyo ndivyo alivyosema mtaalamu, na ilikuwa kweli.

Shemeji akacheka kidogo.

"Angekuwa mtu mwengine nsingemsikiliza," alisema. "Lakini nshakupa dada yangu. Ntakunyima jabali?"

Akaanza kuchimba nyuma ya kijiji. Shimo likazidi kina, mvua za masika zikalowesha kingo, na asubuhi moja ukingo ukamporomokea. Aliletwa hospitali ya mjini, akakatwa mguu chini ya goti. Mtaalamu alikuwa ameshasafiri na masanduku yake.

Alipotoka hospitali alikaa kwetu mpaka kidonda kilipofunga. Mke wangu hakunilaumu hata kwa kijembe. Akimpakulia kaka yake kwanza, kisha mimi, na kila nikinyoosha mkono kwenye sahani yangu nikiona haya. Siku moja tulipobaki wawili nilimwambia shemeji kwamba mimi ndiye niliyempeleka kwenye shimo lile, anisamehe.

Hakupenda.

"Shimo nimelichimba mwenyewe," alisema. "We ulileta maneno, nkayapima, nkakubali. Usinifanye mtoto."

Alikuwa na haki ya kusema vile, lakini nilijua mizani aliyoyapimia maneno yale ilikuwa imelemewa na heshima yangu mimi, mume wa dada yake.

Alirudi kwao na magongo yake. Tanuri likaota majani, naye akaishi kwa kusokota kamba. Jabali lilisalimika. Nilizowea kupeleka walimu na wanafunzi wao, nikiwaonesha meno ya papa, na watoto wakigombea kuyagusa. Tulikuwa tukipita mbele ya nyumba ya shemeji, naye barazani akituitikia salamu.

Safari moja mwalimu mmoja aliniomba niwafikishie watu wa pale shukurani, kwa kulitunza jabali. Nilimjibu kwamba ntawafikishia. Shemeji alikuwa pale pale, hatua chache tu kutoka tuliposimama, kamba imemzunguka mguuni. Nilimwamkia, nikamuuliza hali, nikapita na wageni wangu. Zile shukurani sikumfikishia siku ile, wala siku nyengine yoyote mpaka tukamzika. Kila nilipotaka kumpa, ziliniwia nzito mdomoni, kama kwamba namlipa mguu kwa maneno.