Nilifunga EFI kwenye pikapu yangu ili nisimwambie baba ukweli

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza wafunge mfumo gani wa mafuta kwenye injini iliyoongezwa nguvu. Mimi nimeshafunga. Nitaeleza nilivyochagua, na sitaficha kitu, hata pale panaponiaibisha.

Naishi Ibadakuli, Shinyanga. Kazi yangu ni kupeleka vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwenye machimbo ya Geita. Gari ni pikapu ya zamani ya petroli, ya kabureta.

Injini tuliijenga upya mimi na baba. Silinda zikachongwa, pistoni kubwa zikaingia, kemshafti kali, ile inayoziacha vali wazi muda mrefu zaidi, ikafungwa. Gari likiwa limesimama, boneti inatetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Ukikanyaga, linaondoka.

Baba ni fundi. Kabureta za nusu ya mji zimepita mikononi mwake. Hana mashine ya kupimia, ana bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Kisha anageuza skrubu ya kabureta robo, nusu ya robo, mpaka atabasamu.

Watu walikuwa wanatoka Songwa na magari yao kuja kungoja tabasamu lile.

Kiangazi kilichopita gari lilianza kunywa mafuta. Plagi nyeusi, moshi, harufu ya petroli mpaka kwenye shati. Nikampelekea baba. Akasikiliza, akageuza, akasema, "Sasa inaimba."

Sikufika Kahama, moshi uleule.

Nikafunga sensa kwenye ekzosi, ile yenye geji ndogo inayokuonyesha kama mafuta yamezidi au hewa imezidi. Geji ikaonyesha mafuta yamezidi mno. Nilipofika Runzewe, fundi mmoja wa umeme wa magari, Masanja, akairekebisha kabureta ileile kwa kuangalia geji tu. Nikaenda Geita na kurudi bila moshi.

Kabureta haikuwa na shida, wakuu. Nilielewa palepale. Redio ya nyumbani ilikuwa imeanza kupigwa kwa sauti ya juu. Mama alikuwa anarudia kila neno mara mbili. Niliyaona yote hayo nikayaita uzee.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikaingia humu kusoma habari za EFI, mfumo unaopima na kunyunyiza mafuta kwa umeme badala ya kabureta.

Kwa wanaotaka hilo tu, njia zilikuwa tatu. Kununua kabureta mpya kubwa. Au kufunga ile EFI inayokaa mahali pa kabureta, injekta zote, yaani vinyunyizio vya mafuta, juu ya manifold inayogawa hewa kwenye silinda, rahisi kufunga. Au injekta moja kwa kila silinda, na kontrol boksi unayoipanga kwa laptop.

Masanja alinionya kuhusu ya tatu. "Hiyo inataka pampu ya presha, laini ya kurudisha mafuta kwenye tenki, na waya safi. Ukinunua petroli ya kwenye chupa kule machimboni, filta badilisha mapema. Usije ukanipigia simu unalia."

Nilichagua ya tatu. Humu ningesema ni kwa sababu ya kemshafti, kwamba kila silinda ipate mafuta sawa. Ni kweli, lakini sababu yenyewe ni kwamba ile haina skrubu ya kugeuzwa kwa bisibisi. Haimhitaji mtu mwenye sikio.

Baba nilimwambia kabureta imekwisha, shafti yake imelegea.

"Basi itoe, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. Hakuigusa hata kuhakikisha. Aliniamini.

Masanja akaja Ibadakuli kufunga. Wateja wawili walikuwa wamekaa juu ya matairi wakitazama. Klipu ya waya wa injekta ya tatu ilivunjika, hivyo waya ukabaki unaning'inia. Akawasha gari hivyohivyo ili aone kama mafuta yanavuja.

Baba akaja na bisibisi yake.

Injekta ikifanya kazi inagonga, na kwa bisibisi mlio huo anausikia hata aliyeanza ufundi leo asubuhi. Baba akaweka ncha kwenye ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Macho ameyafumba.

"Zote nne zinagonga sawasawa," akasema.

Masanja akacheka. Hakuwa na ubaya. "Baba Kulwa, ya tatu haina waya. Hiyo umeisikia kwa imani?"

Wateja wakacheka. Baba hakusikia kilichosemwa. Aliona watu wanacheka, naye akacheka.

Halafu macho yake yakafika kwenye ule waya.

Akaiweka bisibisi juu ya meza ya kazi, taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameifungua kabureta ya zamani na kuiosha kwa petroli. Alikuwa anaitikisa ile shafti kwa vidole. Vidole vyake bado ni vya fundi.

"Hii haijalegea," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Alikuwa anatazama midomo yangu. "Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

Akarudisha skrubu moja moja mpaka kabureta ikafungika. "Ungeniambia, ningeacha mwenyewe," akasema.

Sasa gari linawaka kwa mguso mmoja na mafuta yamepungua. EFI haina lawama. Baba hatoki nje ninapoondoka. Bisibisi iko palepale mezani, na mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Hospitali amekataa; anasema sikio si injini.

Nilichojifunza ni hiki. Pima kwanza ujue kilichoharibika ni nini, halafu kiseme kwa jina lake kwa anayehusika. Mimi nilipima vizuri. Nikanyamaza, nikaiachia mashine imwambie baba mbele ya wateja.

Mliofunga EFI kwenye injini za namna hii, andikeni yaliyowakuta. Na mwenye mzazi aliyeanza kutosikia, aandike alianzia wapi kumwambia.

Maneno yenu sitayasoma peke yangu. Jioni hii nitampa baba simu asome mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza.