Sikio, Si Tumbo

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kukataa chakula. Hata mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo kwa kawaida hanywi akatosheka, aliyasukuma kando. Alijipiga kichwani kwa ngumi, akilia. Nikaamua ni tumbo, kwa sababu tumbo limemsumbua tangu utotoni.

Ana usonji. Maneno ya mdomoni ni machache, lakini ana simu yenye picha. Akigusa picha, simu inatamka neno. Mwanzoni nilikuwa nikimshika mkono kumwelekeza, mpaka mwalimu wake wa mawasiliano, mama mmoja mpole wa Kericho mjini, akanizuia.

"Mama, ukimshika mkono hatujui ni nani anaongea," aliniambia. "Muulize, halafu ungoje."

Kungoja kulinishinda kuliko kuchuma chai kwenye mvua.

Nilimpeleka kwenye zahanati, huku kwetu Kimulot. Daktari alinigeukia mimi.

"Anaumwa wapi?"

"Ni tum..." Nikajikatiza. "Muulize yeye, daktari."

Nikaiweka simu mezani. Daktari akasogeza kiti chake karibu. "Dada, wapi inauma?"

Binti yangu akatazama dirishani, kwenye mashamba ya chai yaliyolowa mvua. Daktari alitaka kuuliza tena, nikamwashiria asubiri, huku mikono yangu nikiikalia isije ikamsaidia. Mwishowe kidole chake kikashuka polepole kwenye simu.

"Sikio," simu ikasema. Akagusa picha nyingine. "Uchungu."

Daktari alimwonyesha kwanza kurunzi yake ndogo, akangoja mpaka binti yangu alipogeuza kichwa mwenyewe.

"Limevimba vibaya huku ndani," alisema. "Asingesema, ningewapa dawa ya tumbo, na mngerudi na shida ileile."

Nilijiinamia nikacheka, machozi yakinitoka. Miaka yote nilikuwa naogopa siku ambayo ataumwa mahali nami nisiwe karibu kukisia. Sasa nilikuwa karibu, tena nimekisia vibaya, na yeye akajisemea.

Siku chache za dawa, uvimbe ukapungua. Jioni moja akala ugali na sukumawiki, akamaliza, akaongeza. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake nikimtazama tu, nimejaa shukrani. Akainua macho, akavuta simu, akagusa picha ya mlango.

"Toka," simu ikaniambia.

Nikatoka.