Maji ya Rangi ya Chai

"Mama mkubwa, mfereji na kijito si vyote maji tu? Tofauti yake nini?"

Aliyeulizwa alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mfereji, mkono umezama hadi begani, anachomoa mfuko wa plastiki ulionasa chini ya lango. Muulizaji, binti wa mdogo wake, hata meno ya mbele hakuwa nayo.

"Kamuulize mama yako," alijibu bila kuinua kichwa. "Yeye ndiye mwenye kijito."

Jibu hilo lilikuwa na ndimu ndani yake.

Watu walimwita Mama Lango, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzungusha usukani wa chuma unaoinua milango ya mfereji, kila shamba lipate maji kwa zamu. Baba yao alipogawa ardhi, alimpa yeye kipande cha kando ya mfereji, mdogo wake akapewa cha kijitoni. "Wewe kazi unaiweza," baba alimwambia, akidhani anamsifu. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana mfereji ni kulea. Tope lizolewe, nyufa za saruji zizibwe, magugu yang'olewe, na ukizembea kidogo tu simu inalia: "Mama Lango, umelala?" Kijito je? Kilijipitia chenyewe nyuma ya jiko la mdogo wake, kikijipindapinda kama paka anayejisugua miguuni mwa watu. Wanawake walifulia huko, wakacheka huko. Hata mama yao mzazi alipokuja kuwatembelea, alibeba kigoda moja kwa moja hadi kijitoni.

"Huku kuna upepo," alisema.

"Na kwangu kuna nini, mama? Moshi?"

"Kwako kuna saruji, mwanangu."

Mdogo wake alicheka hadi akashika mbavu. Mama Lango naye alicheka, ila meno tu.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Kijito kikawa uzi, mwisho kikabaki mawe matupu. Mfereji, unaotoka kwenye mto mkubwa wa mbali, uliendelea kutiririka, japo zamu zilikuwa fupi. Mama Lango alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mno, hadi akawa anaimba akipalilia maharage yake. Alimsubiri mdogo wake aje kuomba maji, na jibu alishaliandaa: "Kwani ule upepo hauoteshi mboga?"

Mdogo wake hakuja. Asubuhi moja Mama Lango alimwona kwenye nyanya zake, anamwagilia mche mmoja mmoja kwa kikombe, maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Nyuma yake binti yake alimfuata na kikombe kidogo zaidi. Lile jibu likamyeyukia mdomoni.

Zamu yake ilipofika, hakuinua mlango wa shamba lake. Alizungusha usukani wa mlango wa ziada, ule wa kupunguzia maji mfereji unapofurika, ambao humwaga kwenye njia ya kijito. Mawe yalikunywa, yakanywa tena, kisha maji yakaanza kutembea. Akafanya hivyo kiangazi chote, huku maharage yake yakijikunja kama karatasi iliyoungua.

Mtaa mzima ukashangilia. "Kijito kimerudi!" Mama yao naye akarudi na kigoda chake. "Mnaona? Kijito cha mwanangu hakina roho mbaya. Si kama mifereji ya kupimiana zamu."

Mama Lango alikuwa amesimama palepale. Akaenda kumalizia hasira kwenye magugu. Wengine huwaonea wivu majirani. Yeye alikuwa akiyaonea wivu maji yake mwenyewe.

Miaka ikapita. Muulizaji sasa yuko sekondari na bado anauliza maswali kama polisi. Likizo moja, yeye na mama yake wakiwa wamekaa jikoni kwa Mama Lango, akaanza tena: "Hivi kile kiangazi, kijito chetu kilirudije bila mvua?"

Mama Lango akainamia kikombe chake. Mdogo wake akacheka. "Kwani kilirudi? Kijito changu kimeleta lini maji ya rangi ya chai, tena na mifuko ya plastiki juu?"

"Ulijua?"

"Dada, tope la mfereji nisilijue, na wewe unalinukia kila siku?"

"Ukanyamaza! Mama anakisifia kijito mbele yangu, nawe kimya kama mtungi!"

Mdogo mtu aliacha kucheka. "Cha kusifiwa nilikuwa na kijito tu, dada. Mimi baba hakuwahi kuniambia kazi naiweza."

Mama Lango alimtazama kama mtu anayemwona mgeni mlangoni. Simu ikalia mfukoni; alipoipokea, sauti ikasikika hadi kwenye sufuria: "Mama Lango, umelala?"

Akasimama, akatafuta viatu vyake vya mpira.

"Na swali langu la zamani je, mama mkubwa?" binti aliuliza. "Tofauti yake nini?"

"Kijito kikikauka," alisema, akivaa kiatu cha pili, "watu wanatazama mawingu. Mfereji ukikauka, wananitazama mimi."