Macho Meupe ya Dada

Biashara huria ilipofika kijijini kwetu Mbuchi, wanunuzi wa kamba wa baharini walikuja na masanduku ya barafu, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi sekondari wakanifanya wakala wao. Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alibaki na mpunga wake. Ndipo akawa wa manjano macho na viganja, akajikuna hadi ngozi ikachubuka.

Hospitali ya Dar es Salaam walikuta saratani kwenye mrija wa nyongo. Walimpasua, wakaipatia nyongo njia nyingine. Daktari akanieleza:

"Uvimbe huu hutoa protini inayoonekana kwenye damu. Yake iko juu, lakini hata nyongo kuziba huipandisha. Sasa tumeifungulia. Mrudishe mwezi ujao tupime tena. Ikishuka, tutafikiria kuukata uvimbe. Isiposhuka, nitahofia kwamba umesambaa."

Nilielewa yote. Sikuwa na kisingizio cha kutoelewa.

Kwetu manjano hupimwa kwa macho. Tuliporudi wanawake walikuja, wakamvuta kope la chini, wakaona weupe, wakapiga vigelegele. Mke wangu akamtania, "Wifi, macho kama ya bi harusi! Manjano umemwachia nani?"

"Nimemwachia daktari. Kayapenda, ndiyo maana kaniita tena."

Mwezi ulipotimia mpunga ulikuwa umeiva, nasi tumeshahamia dunguni, kwenye vibanda vya juu ya nguzo tunamolindia mashamba. Asubuhi moja dada alishuka na kanga zake kazifunga furushi.

"Mdogo wangu, twende Dar."

"Dada, macho meupe hivi, unakwenda kupimwa nini? Tuvune kwanza."

Aliweka furushi chini, akachukua kisu cha kuvunia.

Tulikwenda baada ya mavuno. Protini haikuwa imeshuka, ilikuwa imezidi kupanda, na picha ikaonyesha madoa kwenye ini. Kukata hakukuwezekana tena. Nilimuuliza daktari kama tungewahi lau tungekuja mwezi ule. Alisema huenda madoa yalikuwapo tangu mwanzo, madogo mno kuonekana, na huenda hayakuwapo. Sasa hapakuwa na njia ya kujua.

Basi la kurudi liliposimama Kibiti nilimnunulia dada chungwa. Alilishika tu, hakulila. Niliinama kumtazama machoni.

"Yakoje?" aliuliza.

"Meupe, dada."

"Basi usiniangalie macho tena."