Gauni la Mke wa Mtu

Nakumbuka Jumatatu moja ya masika, mwanangu, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mpya. Mwanamume mmoja alipanda kwenye baraza nilikoweka cherehani yangu, karibu na soko la Babati, mkono mmoja ana kitenge kipya na mkono wa pili gauni la zamani. Akasalimia, akasema, "Dada fundi, nishonee kama hili. Ni la mke wangu, yuko Iringa." Ndivyo nilivyoanza kumpenda mume wa mtu, nikiwa na miaka ishirini na sita na akili zangu timamu.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulikaa hapa kwangu Nangara, ukazungukazunguka na maneno hadi chai ikapoa, mpaka nikaelewa kwamba huyo unayemtaka ana mke wake. Sikukukemea. Ningekukemea kwa mdomo upi? Nilikuwa nakutazama, najiona mwenyewe.

Miaka ile Babati ilijaa wageni. Ofisi za mkoa zilifunguliwa nyumba za kuishi hazijatosha, kwa hiyo watumishi wengi walitangulia peke yao, wakapanga chumba kimoja kimoja, familia zikabaki walikotoka. Jioni sokoni ungewaona wanaume wazima, suruali zimenyooka kwa pasi, wananunua nyanya tatu na kitunguu kimoja. Sisi wasichana wa mji tuliziona suruali. Pete wengine hatukuziona, au tulijifanya hatuzioni.

Huyu wa kwangu nilimwita Baba Upendo, kwa jina la binti yake. Alikuwa mpima viwanja. Hakuwa mzuri wa sura, nisikudanganye, masikio yalimzidi kichwa. Lakini kila alipopata mshahara alileta kitenge, nami namshonea mkewe, na gauni likiisha analifunga kwenye gazeti na kulipeleka stendi lisafirishwe kwa basi. Kilichonimaliza ni namna alivyokuwa akinielekeza. "Usimwekee kola, inamkera shingoni. Mabega uyaachie nafasi, huyu mtu analima." Anasema huku anakishika kitambaa kwa uangalifu. Nilikuwa nimeshona nguo za watu miaka sita, na sikuwahi kukutana na mwanamume anayejua kwamba kola inamkera mke wake. Akishaondoka nakaa nimeshika mkasi, sikati kitu. Nilitamani na mimi pawepo mtu mahali fulani anayesimulia shingo yangu kwa fundi.

Wakati huo huo alikuwepo Paskali wa Singe, mkulima wa mbaazi, kijana wa watu, hajaoa. Alikuwa amekwisha kuniambia nia yake na alikuwa anasubiri jibu. Siku za mnada alipita na mfuko wa mbaazi mbichi, akakaa kwenye benchi langu, akaulizia mvua za huko kwetu Mbulu, kisha maneno yakamwishia. Mimi nikimtazama naona mtu ambaye hakuna aliyemchagua, nikajiuliza ana kasoro gani. Yule mwingine alikuwa amekwisha kuchaguliwa, ana mke, ana mtoto, na kwangu hiyo ilitosha kuwa ushahidi kwamba ni mwema. Nikamwambia Paskali avumilie kidogo. Akavumilia mwaka, akaongeza na wa pili.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe. Kitenge cha mwisho kilikuwa cha bluu, chenye maua ya njano. Lile gauni la zamani lilikuwa limening'inia ukutani kwa ajili ya vipimo, lakini sikuligusa. Nilijipima mwenyewe kwa futi yangu, kifua, mabega, kiuno, nikakata kitambaa cha mke wa mtu kwa mwili wangu. Nilipomaliza nikajifungia nyuma ya pazia, nikalivaa, nikasimama mbele ya kioo. Lilinikaa vizuri mno. Nikalivua, nikalipiga pasi, nikamkabidhi Baba Upendo. Akalinyoosha juu, akatabasamu, akasema, "Atafurahi sana."

Mwanangu, mimi nilijua hatafurahi. Nilitaka limbane, afikiri mumewe amesahau mwili wake. Nilitaka wagombane, halafu yule baba aje akae kwenye benchi langu na huzuni yake, nimpokee. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na Jumapili nilikwenda misa kama kawaida.

Hazikupita wiki tatu. Mwanamke mpana wa mabega, miguu imejaa vumbi la barabara ya Kondoa, alisimama mbele ya cherehani yangu. Nilimjua kabla hajafungua mdomo, maana mabega yale nilikuwa nimeyashona mara nyingi.

"Shikamoo, dada," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Baba Upendo?"

Nikaitikia. Akatoa lile gauni la bluu kwenye mfuko, akaliweka juu ya cherehani. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka, kama mtu anayenipima. Kisha akasema, "Livae nilione."

Ningeweza kukataa. Nikaenda nyuma ya pazia, nikalivaa, nikatoka. Akalitazama namna lilivyonikaa, akavuta benchi la Paskali, akakaa.

"Yeye anajua?"

"Hajui, dada. Hajui kitu chochote. Ni mimi."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Akaniambia kwamba gauni lilipomkataa alilia siku mbili, akasema huyu amepata mwingine, akamwacha mtoto kwa mama yake na kupanda basi. Alikuwa amekuja Babati kuachana na mumewe. Nilikuwa nimecheza na nyumba ya mtu kwa mkasi na futi.

Nilingoja anitukane. Akaniuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Umempendea nini?"

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamjibu, "Anavyokupenda wewe."

Akacheka kidogo, machozi bado yapo. "Mwaka wetu wa kwanza aliniletea kitambaa cha suruali, tena cha kijivu, akaniambia nishone gauni. Sikumsemesha wiki nzima. Huyu unayemwona nimehangaika naye miaka kumi na moja." Akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Na mdogo wangu, ukimchukua huyo anayenipenda, atakuwa ameniacha. Utabaki na mtu anayeacha wake."

Akasimama, akanyanyua mikono. "Haya, nipime. Vizuri, safari hii."

Nikampima. Kuzungusha futi kifuani kwa mwanamke uliyemtaka mumewe, ukasikia anavyopumua, hiyo adhabu sijaisahau. Gauni la bluu aliniachia. Sikulivaa tena, nikaja kulifumua na kushona foronya. Mwezi uliofuata akahamia Babati na binti yake, na hakumwambia mumewe nilichofanya. Kila tulipokutana sokoni alinisalimia.

Siku chache baada ya yeye kunijia nilikwenda Singe kumpa Paskali jibu. Nilimkuta mama yake anapepeta mbaazi uani. Akanikaribisha, akaniambia kwa upole kwamba Paskali ameenda Magugu kwa wakwe, mahari imekwisha kupokelewa. Akanifungia mbaazi za kwenda nazo. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na sikuwa na wa kumlaumu.

Watu huuliza kwa nini mtu aache waliopo akamtake aliyekwisha kuchukuliwa. Wengine watakuambia ni tamaa, au ni pepo. Mimi nakuambia nilichokiona kwangu. Tunaona upendo umekwisha kuiva kwenye sufuria ya mwenzetu, na wetu bado mbichi, unahitaji kuni na muda. Tunaona uvivu kuanza.

Na usifikiri nimepona. Jumapili iliyopita kanisani nilimwona Paskali, mvi tupu, amemshika mkewe kiwiko akipanda ngazi, amembebea kitabu cha nyimbo na sweta. Hakuwa hivyo alipokaa kwenye benchi langu. Kuna mwanamke aliyekaa naye mpaka akawa hivyo, na angeweza kuwa mimi. Nikamtamani, mwanangu, mtu mzima mimi, mbele ya altare, nikainamisha kichwa ili watu wafikiri nasali.

Basi huyo wa kwako mwache kwa mkewe. Ukishindwa kulala kwa kumwaza, jiulize unamtaka yeye au unataka kupendwa anavyompenda yule. Ukigundua ni kupendwa, hilo halina dhambi, nenda ukalianze na mtu aliye huru, hata kama leo hajui la kukuambia. Na kama yupo mmoja uliyemwambia avumilie, mpe jibu lake wiki hii. Mungu akupe wa kwako, mwanangu, akufumbue macho umwone angali anakusubiri.