Maji ya Ijumaa

Nilikuwa na sheria yangu katika darasa la tatu, shuleni kwetu karibu na Endebess: kila Ijumaa mtoto alete mtungi mdogo wa maji ya kijito. Tulimwagia sakafu ya udongo ili vumbi litulie na funza wasizaliane. Asiyeleta alichota mara mbili saa ya mapumziko. Nilijiona mwalimu wa usafi kwelikweli.

Msimu wa palizi, wafanyakazi wa shamba kubwa la mahindi tunalopakana nalo hupiga dawa ya magugu. Upepo ukitugeukia tunafunga madirisha, na mabati yanatupika. Binti yangu, anayekaa dawati la mbele, ana pumu. Mwaka huu alianza kukohoa hata siku ambazo hawapigi dawa, hasa Ijumaa. Nililaumu baridi ya mlima, nikalaumu sweta, nikamlaumu yeye kwa kukimbiakimbia.

Kisha siku moja nilishuka kijitoni kuwahimiza wazembe. Niliwakuta wapiga dawa wanasuuza pampu zao hatua chache juu ya pale watoto wanapochota. Povu lilikuwa linapita katikati ya mitungi. Nilishikwa na hasira, na nyingi ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kufunga mlango.

"Madam, si unajua nyoyo ya lunch, hii mahindi na maharagwe, inatoka wapi? Mahindi yote anatupea huyo mwenye shamba. Tukimchokoza, hawa watoto watakula nini?"

Wapo watoto ambao hawali kitu kingine mchana kutwa. Niliomba uhamisho niende Bungoma, kwa mama yangu, nikaambiwa ningoje apatikane mwalimu wa kubadilishana naye. Bado nangoja.

Sheria ya maji niliifuta. Maji mengine ya karibu hatuna. Tangi la mvua ni la jikoni. Vumbi likarudi, na funza nao wakarudi.

Ijumaa iliyopita nilimkuta binti yangu darasani kabla ya wenzake, ameinama, anamwagia sakafu maji kutoka kona hadi kona, huku akikohoa.

"Si nilisema tuwache hiyo maji?"

"Mum, wenzangu wako na funza kwa miguu, hata kutembea hawawezi," alisema. "Mimi nakohoa tu."

Nilimnyang'anya mtungi. Ulikuwa mtupu.