Nani Alileta Viazi Milimani

Kinasa sauti kilikuwa kimoja tu idarani, na alipewa mwenzangu wa darasani. Wivu wangu ulipata sababu rasmi siku ile, ingawa dalili zilikuwepo tangu mwaka wa kwanza, tulipogundua kwamba wote wawili tunatoka Nyanda za Juu, yeye Iringa, mimi Mbeya. Kila nilichofanya vizuri kwa taabu, yeye alikifanya vizuri huku akipiga mluzi. Hata sweta alilofumiwa na mama yake lilimkaa kuliko langu la dukani.

Ilikuwa likizo ndefu, miaka ya sabini, na tulikuwa tunakaribia kumaliza chuo. Mhadhiri wetu wa historia alikuwa na nafasi moja ya msaidizi wa utafiti, na wagombea tulikuwa sisi wawili. Akatupa swali moja: viazi mviringo vilifikaje kwenye milima yetu, na nani alivileta? Kila mmoja akaulize kwao, kisha tukutane naye Iringa.

"Vitabuni hamtapata kitu," alisema. "Ulizeni watu. Ila mnipe na sababu ya kuwaamini."

Niliitaka ile nafasi hadi nikawa naota nimechelewa kazini.

Kwetu ni kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Mbeya. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, kama ilivyompasa yeyote aliyefika na maswali. Alifurahi mno.

"Umefanya la maana kuanzia kwangu, mwanangu. Hawa ukiwaendea hivi hivi watakuchanganya."

Akawaita wazee uani kwake. Mkewe akatuletea chai na viazi vya kuchemsha, na wazee wakajadiliana kwa Kisafwa mpaka wakakubaliana nini aambiwe kijana wa chuo kikuu, ili asipate usumbufu na kitongoji kisionekane cha watu wasiojua mambo yao. Nilikaa palepale nikila, nikijiona nimeheshimiwa. Na kwa kweli nilikuwa nimeheshimiwa.

Kisha nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Kila mzee alinikaribisha, akasafisha koo, akaniambia viazi vililetwa na wamisionari, vikapandwa kwanza nyuma ya kanisa. Hakuna aliyekosea. Mmoja alinichungulia nilipokuwa naandika, akaniuliza, "Nyuma ya kanisa umeandika?" Nilianza kumwonea huruma mwenzangu na mashine yake.

Siku ya miadi basi lilinishusha Ipogolo, chini bondeni, nikapanda mlima kwa lori la mkaa hadi mjini Iringa. Mhadhiri alikuwa ameazima darasa la shule iliyofungwa. Mwenzangu alikuwa ameshafika, ameketi na ile mashine mapajani kama mtoto wa kubatizwa. Akabonyeza kitufe, na vikongwe wawili wakaanza kugombana.

"Ni mume wangu! Alitoka navyo migodini kusini, kwenye mfuko wa blanketi!"

"Mume wako alileta blanketi na kikohozi. Viazi alivikuta hapa hapa!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Na wewe je? Ulikuwa hujaolewa!"

Mhadhiri alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu nyingine. Sasa ndiyo ushahidi gani huu? Zamu yangu ilipofika nilisoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. Wazee wangu wote, jibu moja.

"Vizuri sana," mhadhiri alisema. "Walikubalianaje hivyo?"

Nikamweleza habari za balozi, uani, chai na viazi. Nilieleza kwa fahari, ndipo nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "umemhoji balozi peke yake. Mara nyingi."

Siku hizi wanafunzi wangu wananiletea kurasa walizochapa kwenye intaneti kafe, kumi zikisema jambo lile lile kwa maneno yale yale, nami huwauliza ni nani aliyezikusanya uani kwanza. Wananiona mzee mwenye mzaha. Siku ile sikuwa na mzaha wowote. Nilimgeukia mwenzangu, ambaye chuoni hakuchoka kunisimulia habari za shangazi yake.

"Huyo bibi wa migodini si shangazi yako?"

"Ndiye, ndugu yangu," alijibu bila kushtuka. "Nimeandika mwanzoni kabisa. Shangazi, anampenda sana marehemu mumewe, kwa hiyo lake lipunguzwe kidogo. Huyu mwingine ni mke mwenzake wa zamani, aliyeachika, naye apunguzwe kwa upande wake. Hakuna kati yao aliyeona kwa macho."

Kila mtu aliyemhoji alikuwa ameandikiwa maelezo kama hayo: ni nani, alijuaje, angefaidika nini tukimwamini. Nilikuwa nimeuonea wivu ule mtambo wiki zote hizo, kumbe kitu cha kuonewa wivu kilikuwa kichwani kwake, na hicho hakiazimwi idarani.

Nafasi alipewa yeye, pale pale. Kibaya zaidi, alinisindikiza hadi Ipogolo akinibebea mfuko. Tukingoja basi akauliza, "Na mke wa balozi alisemaje?"

"Mke wa balozi alileta chai."

"Hukumuuliza?"

Basi lilikuja, namshukuru dereva.

Nilifika Mbeya nikaenda kumuuliza, nikiwa na tumaini moja tu: aseme kitu kitakachombomoa yule shangazi. Nilimkuta shambani, mumewe hayupo.

"Viazi?" alisema. "Hao wazee wamekwambia kanisa? Mimi nililetwa hapa mdogo, na mama, tukitokea upande wa Iringa. Mbegu nilibeba mimi. Zilinichubua mgongo. Mjomba ndiye aliyerudi nazo nyumbani kule kutoka migodini."

"Mama, uliona mwenyewe akirudi nazo?"

"Nilimfungulia mlango. Nani mwingine angemfungulia?"

Hakuwa na marehemu mume wa kusifia wala kanisa la kutetea. Alikuwepo. Ulikuwa ushahidi bora niliowahi kupata, na ulimpa haki mtu ambaye kwa mwezi mzima nilikuwa namwombea akosee. Nilikaa juu ya tuta nikitafuta kasoro katika maneno yake. Nilitafuta kwa bidii ambayo mhadhiri angeipenda.

Kesho yake nilishuka posta, nikamtumia mwenzangu kila neno la yule mama, na maelezo ya ni nani na alijuaje. Salamu sikuweka.